Mjadala: gorila wetu ataitwa graueri mpaka lini?

Mwana wa Ibanda: Ndugu zangu wa Bukavu, gorila wa hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega kwa wataalamu ni Gorilla beringei graueri. Beringe alikuwa kapiteni wa Kijerumani, aliua gorila kwa bunduki mlimani Sabinyo mwaka 1902. Grauer, Mwaustria, alikuja kukusanya wanyama. Hao ndio watoto wetu wanawakariri! Mwaka 2024 huko Madrid wataalamu wa mimea walipiga kura, wakabadili majina yenye caffra kwa kuwa ni tusi kwa Waafrika. Hawa wa wanyama wanangoja nini?

Profu Mstaafu: Kijana, tume ya majina ya wanyama imeshakataa. Jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linashika, kuanzia kitabu cha 1758 cha Linnaeus, aliyeanzisha majina haya ya kitaalamu. Ukigusa moja, maelfu yatakufuata. Na nani kasema tumesahauliwa? Tausi wa misitu yetu ni Afropavo congensis tangu 1936. Hata sambaza, samaki wadogo mnaowatafuna bila kuuliza, ni Limnothrissa miodon, Kigiriki hicho. Tena si za ziwa Kivu, Wabelgiji walizileta toka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mama Sambaza: Papa Profu, heshima yako, lakini hapo umenichoma. Mama yangu aliuza sambaza soko la Nyawera, mimi nauza Nyawera, leo unasema tunauza wageni?

Goma Juu: Wageni kabisa, na wakifika Bukavu wameshakonda. Njooni Goma muone sambaza.

Mama Sambaza: Ziwa si ni moja, weye? Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, taa usiku, nyimbo: huko na huku ni hivyo hivyo. Ila nyinyi mnakaanga mpaka inakuwa makaa.

Wa Uvira: Kumbe ni ndagala yetu ya Tanganyika! Miaka yote hiyo mnakula bila kulipa?

Profu Mstaafu: Si hivyo. Kwenye ndagala ya Uvira mna samaki wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na huyo Limnothrissa. Aliyeota mizizi Kivu ni Limnothrissa peke yake. Sasa bila Kilatini ungewatenganishaje?

Wa Uvira: Mmoja, wawili, deni liko palepale.

Mwana wa Ibanda: Jamani, na gorila?

Kadutu Moja: Gorila haliwi, ndiyo maana umebaki peke yako. Fanyeni kama okapi: Okapia, kichwa cha watu wa Ituri, johnstoni, mkia wa Mwingereza. Tugawane.

Mwana wa Ibanda: Tugawane nini? Johnston aliletewa ngozi na mafuvu tu. Wenye msitu walikuwa wanamjua okapi toka zamani, wao jina lao la ukoo liko wapi?

Goma Juu: Mama Sambaza, kikombe leo ni ngapi?

Mama Sambaza: Kwako wewe wa Goma? Bei ya Profu mara mbili. Na Profu mwenyewe simpunguzii.

Profu Mstaafu: Mimi nimesema ukweli tu, mama.

Mama Sambaza: Na bei ni ya kweli.