Breki za IST zinalia hata baada ya kubadili pedi, naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Kijana wa Kigamboni (Jumatano jioni)
Wakuu, habari za majukumu.

Gari ni IST ya 2004, mbele diski, nyuma ngoma. Wiki ya tatu sasa breki zinalia. Ni ule mlio mwembamba unaoingia mpaka kwenye meno. Nikikanyaga taratibu ndiyo zinapiga kelele, nikikanyaga kwa nguvu zinanyamaza. Jana kwenye foleni ya pantoni watu wote walinigeukia.

Pedi za mbele nimebadilisha, mpya kabisa. Diski nimezipapasa, hazina mifereji. Nataka njia ya kufanya mwenyewe nyumbani, jeki na spana ninazo. Tafadhali msiniambie nipeleke gereji. Jumamosi alfajiri nina safari, mwenye kujua aniwahishie. Natanguliza shukrani.

Tairi Nne
Peleka gereji.

Bi Shadya
Pole mwanangu. Mimi nakaa karibu na bahari, langu lilikuwa linalia kila asubuhi, nikitoka getini tu ni aibu. Nikaambiwa ni kutu nyepesi, gari likilala kwenye unyevu wa chumvi diski inashika kutu usiku, ukikanyaga breki mara tano sita inafutika yenyewe. Kweli, ikawa inaisha nikifika lami. Baadaye ukaja mlio mwingine wa kutwa nzima. Huo ulinila miezi miwili na fedha ya mafundi watatu, kumbe kijiwe kidogo kama punje ya hindi kimenasa kati ya diski na bati linaloikinga kwa nyuma. Kijana muosha magari ndiye aliyekiona. Nikampa hela ya soda na bado naona nilimpunja.

fundi_mnyonge
Mkuu, nisaidie mambo machache kwanza. Pedi nani alifunga? Pini mbili za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), zile zinazoteleza, ulizichomoa ukazisafisha? Na vile vibati vyembamba vinavyokaa mgongoni mwa pedi, ulivirudishia? Breki hailii kwa sababu ni mbovu tu. Inalia kwa sababu pedi inatetemeka dhidi ya diski, na hivyo vibati kazi yake ni kuumeza huo mtetemo.

Kijana wa Kigamboni
Nilifunga mwenyewe, nikifuata video. Pini sikuzigusa, zilionekana sawa. Vibati kwenye boksi jipya havikuwemo, nikajua havina umuhimu. Grisi niliweka kama video ilivyoonyesha.

fundi_mnyonge
Grisi uliweka wapi?

Kijana wa Kigamboni
Kwenye pedi.

Dereva Mstaafu
Safari ya kwenda wapi, kijana wangu?

Kijana wa Kigamboni
Shikamoo mzee. Iringa. Nawapeleka washenga, wazee watatu, kwa akina binti. Tarehe ilishapangwa na pande zote mbili.

Mama Wawili
Hongera sana! Ila siku hizi vijana mnaharakia posa na hamjamfahamu mwenzio. Mimi na baba watoto tulichunguzana miaka minne. Washenga nao wasiende na mdomo mrefu, Wahehe wana heshima zao.

Tairi Nne
Na breki zikilia pale mlangoni wakwe watajua mmefika, hodi haitahitajika.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Iringa unaijua? Kwenda, mlima Kitonga unapanda, gari halina shida. Kurudi ndiyo unashuka. Mimi nimeishusha Kitonga na semi miaka mingi. Siku moja nilikuwa na shehena ya mbao, utingo akaniambia anasikia harufu ya kitu kinaungua. Breki zilishachemka, mguu unakwenda chini na gari halipungui kama zamani. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeshaingiza gia ndogo tangu juu. Breki ikipata moto haikuombi ruhusa ya kukataa. Naomba ujibu vizuri maswali ya fundi.

fundi_mnyonge
Nauliza tena. Pedi ina pande mbili, mgongo wa chuma na uso unaosuguana na diski. Grisi ilikwenda upande upi?

Kijana wa Kigamboni (saa nne usiku)
Sawa wakuu. Niliweka upande unaogusa diski. Gurudumu la kushoto tu, na ni kidogo, kama mtu anavyopaka siagi kwenye mkate. Nilielewa video hivyo. Na mjue ilinyamaza siku mbili nzima, kwa hiyo siyo kwamba haikufanya kazi. Sasa mlio umerudi, na nikikanyaga usukani unavuta kidogo kulia.

fundi_mnyonge
Hilo ndilo ungeanza nalo. Kushoto haishiki, kulia inashika, gari linavutwa kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Kulia kwako ndiko yanakotokea malori.

Mzee wa Msasa
Asitishwe. Toa pedi, ziweke juu ya jiko la gesi grisi iungue, piga msasa namba 80, rudisha. Nimefanya hivyo mara nyingi.

fundi_mnyonge
Hapana, ndugu yangu. Pedi inafyonza grisi ndani. Unachoma ya juu, ya ndani inatoka tena breki ikipata joto, nayo itapata joto palepale mlimani. Na ukiiunguza sana, gundi inayoshika uso wa pedi kwenye chuma inalegea. Diski inaoshwa ikapona. Pedi iliyonywa grisi ni ya kutupa, na unabadili pande zote mbili, kushoto na kulia.

Kijana wa Kigamboni
Mkuu nakuelewa, ila hizo pedi zina wiki mbili tu. Nimefikiria nizipige msasa, nizifute na petroli, halafu niende mwendo wa 60. Wazee wameshashona kanzu. Nikiahirisha, upande wa pili watasema nini?

Bi Shadya
Watasema heri wamefika wazima.

Sina Jambo
Jamani, mnamaliza bando kwenye chai. Mwezi wa pili huyuhuyu alifungua uzi anatafuta chumba cha 50,000 Kigamboni, akasema anapanda daladala mbili kwenda kazini. Leo ana IST, ana washenga watatu, na anapaka breki siagi. Anayepaka grisi kwenye uso wa pedi hayupo duniani. Anatunga apate wachangiaji.

Tairi Nne
Nimeufukua huo uzi, ni kweli upo. Mkuu, tueleze.

Mama Wawili
Mimi nilishangaa tangu mwanzo. Mtu ana posa Jumamosi, yuko mtandaoni Jumatano usiku!

fundi_mnyonge
Wanaopaka grisi upande huo wapo. Nimewafungulia magari wawili. Lakini la gari nami nalisubiri.

Kijana wa Kigamboni (Alhamisi asubuhi)
Sijatunga. Gari si langu.

Ni la baba mdogo. Yuko Mtwara kikazi, aliniachia funguo ili nimpeleke bibi kliniki, basi. Pedi zilikuwa zimekwisha mikononi mwangu, ndipo mlio ulipoanza, nikanunua za bei ya chini nikafunga mwenyewe. Gereji siendi kwa sababu fundi wa mtaani ndiye anayelitengeneza siku zote, angempigia kabla sijafika nyumbani. Safari ya Iringa hajui. Nilitaka gari akute liko kimya kama alivyoliacha.

Sina Jambo
Nafuta kauli, mkuu. Samahani.

Dereva Mstaafu
Mpigie baba yako mdogo sasa hivi, kabla hujagusa spana.

Kijana wa Kigamboni (Alhamisi usiku)
Nimempigia. Alinyamaza kidogo, halafu swali lake la kwanza likawa, "Bibi alipanda hilo gari baada ya hiyo grisi?" Nikamwambia ndiyo, Jumanne, alikaa kiti cha mbele. Hakunigombeza. Alisema lisitoke uani mpaka pedi zibadilishwe, na fedha atatuma. Wazee watapanda basi la alfajiri, mmoja amefurahi, anasema basi lina sehemu ya kunyoosha miguu. Mimi nakwenda nao humohumo.

Mchana nimefungua gurudumu la kushoto. Pini moja ya kalipa ilikuwa kavu kabisa, imeshika kutu, nimeizungusha kwa nguvu ndiyo ikatoka.

fundi_mnyonge
Safi. Isafishe mpaka ing'ae, ipake grisi ya kuhimili joto, na hapo ndipo mahali pa grisi: kwenye pini, na tone mgongoni mwa pedi, pasipogusa diski. Diski ioshe kwa dawa ya kusafishia breki kwa kitambaa kisafi, petroli iache. Nunua pedi zinazokuja na vibati. Ukimaliza, kabla ya kuwasha gari pampu kanyagio mpaka liwe gumu. Kisha tafuta barabara tupu, fika 50, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama, achia zipoe, rudia mara nane hivi ili pedi na diski zizoeane. Na kabla hujatoka, nati za tairi zikaze kwa mtindo wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili.

Kijana wa Kigamboni
Vibati vya zamani nilivitupa pamoja na pedi, lakini mtoto wa jirani aliviokota. Vitatu nimevipata kwenye gari lake la makopo. Cha nne hakionekani.

Bi Shadya
Mwachie mtoto hivyo vitatu. Wewe subiri pedi zenye vyake.