Nimeuziwa namba ya biashara ikiwa na jina la wadai madeni, na hakuna anayekubali kulifuta

Wakuu, nimevumilia miezi mitano. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Niliposajili biashara nilikwenda kampuni ya simu kuomba namba ya biashara, nikachagua yenye tarakimu rahisi kukumbuka na nikalipa zaidi kwa sababu hiyo. Namba ikaandikwa kwenye gari, kwenye kadi, kwenye risiti, na kwenye stika ninayobandika ubavuni mwa kila jokofu ninalolitengeneza. Stika ndiyo biashara yenyewe. Mteja wa fundi majokofu hakutafuti wiki ijayo, anakutafuta baada ya mwaka mmoja au miwili, siku kitu kikigoma, na kitu cha kwanza anachokiangalia ni ile stika. Kwa hiyo naomba kabisa asije mtu hapa kuniambia "badilisha namba". Stika zangu ziko kwenye nyumba za watu na siwezi kuzizungukia kuzibandua.

Wiki ya pili mteja ananiuliza, "Kwani nyinyi si wale wa mikopo?" Sikumwelewa. Akanitumia picha ya skrini yake. Nimempigia mimi, lakini juu ya skrini limetokea jina la kampuni ya kukopesha watu kwa simu, na chini yake maandishi mekundu kwamba watumiaji wengi wameripoti namba hii kuwa ni ya usumbufu. Baadaye nikaja kuelewa: kampuni ile ilitumia namba hii kudai madeni, tena kwa matusi na vitisho, kisha ikafunga shughuli. Namba ikarudishwa, ikakaa, ikauzwa tena. Wao wameondoka na mimi nimebaki na jina lao.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue uzi huu. Mama mmoja alinitumia ujumbe jioni kwamba jokofu lake limeacha kupoza na humo ndani anahifadhi insulini ya mtoto wake. Anayejua anajua: insulini ambayo haijaanza kutumika hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nilimpigia palepale. Hakupokea. Nikapiga tena, na tena. Nikamwandikia kwamba niko njiani ila nahitaji anielekeze, ujumbe hakuufungua. Kesho yake asubuhi ndipo aliponijibu. Aliona jina la wadai madeni likiita mara tatu usiku, akaogopa, akazima simu. Dawa yote akaitupa. Aliniomba radhi yeye, wakati hakuwa na kosa lolote. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiona jina lile usiku hapokei.

Huyo ni mmoja ambaye niliweza kujua kilichotokea. Wale ambao hawakupokea na wakatafuta fundi mwingine kimyakimya siwezi kuwahesabu.

Kuna na upande wa pili, simu zinazoingia. Watu wananipigia kunitukana, na hao nimeshawazoea. Anayeniumiza ni mzee aliyenipigia alfajiri akiniomba nimwongezee siku, sauti inatetemeka, ananieleza kwamba mwanawe atatuma hela mwisho wa mwezi. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi ni fundi wa majokofu, hunidai wala sikudai." Hakuniamini. Alidhani ni mtego, akaendelea kujieleza dakika nzima. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia tena taratibu kwamba ile ofisi imefungwa. Sijui kama alilala siku hiyo.

Nilianza kulalamika kwa walioniuzia. Huduma kwa wateja wakaniambia, "Kwenye mfumo wetu namba inasoma jina lako, mteja." Nikapiga tena wiki iliyofuata, jibu lilelile. Nikaenda ofisini kwao na picha za skrini 11 nilizozichapisha. Dada wa kaunta alinihurumia kweli, akanigeuzia kompyuta yake nione: jina langu, biashara yangu, kila kitu sahihi. Akasema lile jina jingine linatoka kwenye programu za watu na wao hawahusiki nazo.

Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe, maana alichosema ni kweli nusu. Kwenye mitandao mingi ya simu za mkononi, simu ikipigwa kinachosafiri ni namba tu. Jina unaloliona linaongezwa kwenye simu ya anayepokea. Linaweza kutoka kwenye majina aliyoyasevu mwenyewe, kwenye programu ya kutambua wapigaji aliyoipakua, au kwenye orodha ya biashara za mtandaoni ambayo simu yake inaisoma. Jina langu likiwa sahihi kwenye kompyuta ya dada yule, mteja wangu halioni kamwe. Anachokiona kimetengenezwa na watu waliosevu "Mikopo usipokee" miaka iliyopita, wakaruhusu programu isome majina yao yote, nayo ikayapeleka kwenye seva yake. Namba ikibadilisha mwenyewe, hakuna anayeiambia ile seva.

Hata kule ambako jina hutolewa na kampuni za simu zenyewe, mambo si tofauti sana. Marekani jina halisafiri na simu. Kampuni ya anayepigiwa huchukua namba, huuliza hifadhidata, na kurudishiwa jina lisilozidi herufi 15 pamoja na nafasi. Kama hifadhidata iliyoulizwa ni nakala ya zamani, linatokea jina la zamani, ndiyo maana watu wawili wanaweza kupigiwa na namba moja wakaona majina mawili. Tangu 2021 kampuni kubwa za simu za huko zimelazimika kuweka muhuri wa kuthibitisha kwamba namba inayoonekana haikughushiwa. Ni jambo zuri, ila muhuri ule unathibitisha namba. Jina lililobandikwa juu yake hauligusi.

Turudi kwenye programu. Ziko mbili zilizonitesa na sitazitaja. Ya kwanza ina fomu kwenye tovuti yake ya kupendekeza jina sahihi. Nilijaza. Likaja jibu la mashine kwamba jina "limetokana na jamii ya watumiaji" na pendekezo langu litapimwa. Nikajaza mara ya pili nikaambatisha cheti cha usajili wa biashara. Kimya. Mara ya nne ndipo jina likabadilika, lakini yale maandishi mekundu yakabaki, kwa sababu kumbe jina na onyo ni vitu viwili, na onyo lina fomu yake. Hakuna mahali walipoandika hivyo. Nimeligundua kwa kuhangaika.

Ya pili ndiyo inayonikera hadi leo. Ili nirekebishe jina la namba yangu mwenyewe, natakiwa kuipakua programu, nijisajili kwa namba hiyo, na katika hatua ya tatu inaniomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu. Simu yangu ya kazi ina namba za wateja. Ina yule mama, na yule mzee nilimsevu ili akipiga tena nimpokee vizuri. Ninaombwa niwatoe wote hao ili nitendewe haki ambayo ni yangu tayari. Nilikataa ile ruhusa, programu ikarudi mwanzo. Nikakataa tena, ikarudi mwanzo tena. Njia ya pembeni, ukurasa wao wa kuomba namba iondolewe kabisa, nimeipata baada ya wiki mbili, imefichwa chini ya masharti ya faragha. Nimeomba. Kwa sasa simu zingine haionekani, zingine bado inasoma jina lile la zamani kwa sababu lilishahifadhiwa ndani ya simu yenyewe. Na wanasema kabisa kwamba namba iliyoondolewa inaweza kurudi kama watu watairipoti upya.

Kwenye ramani ya mtandaoni ilikuwa nafuu. Ofisi ya wakopeshaji ilikuwa bado imeorodheshwa na namba yangu, nikapendekeza iwekwe kama iliyofungwa kabisa na namba iondolewe, baada ya siku chache ikaondoka. WhatsApp nayo haikunisumbua. Utaratibu wao ni kwamba akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika, kisha namba ikawashwa kwenye simu nyingine, data za zamani zinafutwa, na kweli picha ya wale watu ilitoweka. Yaani inawezekana. Akitaka mwenye mfumo, inawezekana.

Jambo jingine ambalo wanaouziwa namba za aina hii hawaambiwi: bado napokea ujumbe wa namba za siri za mara moja wa akaunti za watu wasionihusu. Nazifuta bila kuzitumia, lakini fikirieni namba hii ingeangukia mikono mingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa zinatolewa kwa wateja wapya Marekani, wakachapisha 2021 kwamba 171 kati yake zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Namba iliyotumika inakuja na mabaki yake, na wauzaji wanalijua hilo kuliko mimi.

Sisemi namba zisiuzwe tena. Tarakimu zina mwisho, lazima zizunguke, naelewa. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikadiria kwamba huko pekee namba kama milioni 35 hukatwa kila mwaka. Wakaweka sheria namba ikae siku 45 angalau kabla ya kupewa mtu mwingine, na tangu 2021 kuna hifadhidata ambayo mwenye biashara anaweza kuuliza kama namba fulani imekatwa kabisa tangu tarehe fulani. Lakini angalieni inamlinda nani. Inamsaidia anayepiga asimsumbue mtu asiye wake. Aliyepewa namba yenye jina chafu la mwenzake, hifadhidata ile haimsaidii.

Ninachodai kwa kampuni za simu ni kidogo sana. Mnaposema namba "inapumzika", mnafanya nini katika miezi hiyo? Itafuteni kwenye programu mbili tatu zinazojulikana, itafuteni mtandaoni. Ni kazi ya dakika kumi, na kwa namba ya biashara mnayoiuza kwa bei ya juu kwa sababu ya mpangilio wa tarakimu, dakika kumi mnazo. Nyinyi ndio mnaojua siku namba ilipokatwa, basi wapelekeni wenye programu hiyo tarehe ili kila ripoti ya kabla yake ifutwe. Na kwenye fomu ya mauzo andikeni kwamba namba hii imewahi kutumika na biashara. Sitaki jina la aliyekuwa nayo. Nataka niambiwe kabla sijachapisha stika.

Kwa ambao mko kwenye shimo hili, msipoteze mwezi wa kwanza kama nilivyoupoteza kwa kubishana na kampuni ya simu. Waombeni barua tu, yenye tarehe mliyokabidhiwa namba. Hiyo barua ndiyo iliyofungua mlango kwenye ile programu ya kwanza, cheti cha usajili peke yake hakikutosha, kwa sababu kinaonyesha wewe ni nani lakini hakionyeshi kwamba ripoti za matusi ni za kabla yako. Halafu tafuteni simu tatu au nne za watu tofauti, jipigieni, mpige picha ya kila skrini na tarehe yake, maana kila programu ina kosa lake na inadai ushahidi wake. Na wateja mnaowatengenezea leo waambieni waisevu namba mbele yenu kabla hamjaondoka, jina walilosevu wenyewe ndilo simu yao itakalolionyesha.

Mimi sasa hivi kabla ya kumpigia mteja yeyote namtumia kwanza ujumbe: jina langu, kazi yangu, na kwamba simu itakayoita ikisoma jina la mikopo ni mimi, asiogope. Nimeuandika ujumbe huo zaidi ya mara mia mbili. Leo asubuhi mteja kanijibu, "Sawa fundi, ila kwa nini unatumia namba ya matapeli?"

Aliyefanikiwa kuliondoa onyo jekundu kwenye programu inayodai kusoma majina ya wateja, bila kutoa hiyo ruhusa, anieleze alipitia wapi na ilimchukua siku ngapi. Na kama kuna humu anayefanya kazi kwenye kitengo cha namba cha kampuni yoyote ya simu, naomba ajibu hapahapa mbele ya watu: namba ikirudishwa kwenu, kuna yeyote anayeiangalia kabla haijauzwa tena?