Biriani ya Hyderabad ya nyama mbichi: je, yafaa kwa mbuzi wetu?

Mpishi wa Langoni (Lamu)
Assalamu alaikum. Nimepewa kazi ya kupikia karamu ya walima ambayo wakwe wake wanatoka Hyderabad ya India, nao wameomba biriani ya kwao, ile ambayo nyama hutiwa sufuriani ikiwa mbichi, wali ukapangwa juu yake, vyote vikaivia pamoja. Sisi tumezoea kupika masala mbali na wali mbali, kisha vikakutana sahanini. Naomba kufahamishwa namna mbuzi atakavyoiva bila wali kuvurugika wala chini kuungua, na kama upishi huo una kiungo ambacho Muislamu anapaswa kukichunguza kwanza.

Binti Mkomani
Waalaikumu salaam, dada yangu. Upishi huo huitwa kacchi, na kazi kubwa iko katika kulaza nyama. Kwa kilo moja, tia mtindi mzito, thomu na tangawizi zilizotwangwa, pilipili, bizari za unga, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyekundu, na vijiko viwili vya papai bichi lililosagwa, kisha uiache usiku kucha penye baridi. Papai lisizidi, kwa sababu utomvu wake huendelea kuilainisha nyama hadi ikapoteza umbo. Mchele wa basmati uroweke nusu saa, uuchemshe katika maji mengi yenye chumvi na iliki, na uuchuje ukiwa bado haujaiva sawasawa, yaani ukiibana punje kwa vidole uhisi kiini kigumu ndani. Uumwage juu ya nyama ungali wa moto, unyunyizie samli na zafarani iliyorowekwa katika maziwa, kisha uzibe ukingo wa kifuniko kwa donge la unga wa ngano ili mvuke usipate pa kutokea. Moto uwe mkali kwa robo saa hivi, halafu uupunguze, uweke tawa la chapati chini ya sufuria na upalie makaa juu ya kifuniko kwa muda wa dakika 45.

Mzee wa Malindi
Maelezo ya binti yetu ni sahihi, ila hakumtaja mnyama mwenyewe. Kacchi humtaka mbuzi mchanga. Beberu aliyekomaa hatalainika kwa muda huo, hata ukimpaka papai zima. Ukimkosa mchanga, pika pakki: kaanga vitunguu na masala mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu, tia nyama uipike ikaribie kuiva, ndipo upange wali juu yake na kuziba vilevile. Nayo ni biriani halisi ya Bara Hindi, na binafsi naiona salama zaidi kwa karamu kubwa.
Kuhusu uhalali, mbuzi mtamchinja wenyewe, kwa hiyo shaka haiko kwenye nyama. Iko kwenye chupa za manukato. Biriani hizo hutiwa maji ya waridi au ya kewra, ua la jamii ya mkadi wetu, na manukato mengine makali huyeyushwa kwa kileo. Soma kibandiko, uchague yale yaliyotengenezwa kwa maji matupu.

Mpishi wa Langoni (Lamu)
Ahsanteni sana. Nitaagiza mbuzi mchanga, na akikosekana nitafuata njia ya mzee. Je, kuna chakula kingine cha kwao nitakachoweza kukiandaa bila taabu?

Binti Mkomani
Kipo: haleem, ambayo ni ndugu wa bokoboko. Wahadhrami waliokwenda kuutumikia utawala wa Nizam, mtawala wa Hyderabad wa zamani, waliipeleka harisa, yaani bokoboko la Kiarabu, huko, na hadi leo wazao wao wanaishi mtaa wa Barkas, Hyderabad. Wenyeji waliongeza dengu na bizari. Roweka ngano tangu usiku, uipike na nyama na dengu kwa moto mdogo, uiponde hadi ivutike, kisha juu utie samli, vitunguu vya kukaanga na ndimu. Mkono wako ukizoea bokoboko, hapo hutakuwa na la kuuliza ila kiasi cha pilipili.