Resini ya kolamu: agarosi, methakrilati au monolithi? Maabara ndogo, Mbeya

Uyole_Kinga
Wakuu, heshima kwenu. Oda yetu ya resini (kijazo cha kolamu, lile bomba la kusafishia protini) inafungwa Ijumaa na bado hatujakubaliana. Yamebaki matatu: chembe za agarosi, jeli ya mwani (DEAE Sepharose Fast Flow; DEAE ni kundi lenye chaji chanya linaloshika protini hadi chumvi iitoe), chembe za polimethakrilati, plastiki ngumu (Toyopearl DEAE-650M), au monolithi ya polimeri, yaani kipande kimoja chenye njia ndani yake. Kazi ni kusafisha kingamwili. Ipi itatufaa?

Mafinga_Bio
Kingamwili za nini, mkuu? Za sungura zinashikwa vizuri na protini A, za mbuzi afadhali protini G (zote mbili ni protini za bakteria zinazonasa kingamwili), na hapo DEAE huihitaji kabisa. Halafu: ujazo gani, pampu gani, kolamu ya kipenyo gani?

Uyole_Kinga
Samahani, nilipaswa kuanza na hayo. Ni IgY, za kiini cha yai la kuku. Mayai 20 kwa wiki. Pampu ni ile ya kubana mpira, kolamu ina kipenyo cha sm 2.6.

Mafinga_Bio
Basi protini A na G ziondoke mezani, IgY haishikwi na yoyote kati yake. Sasa tupige hesabu. Kiini kimoja hutoa miligramu 50 hadi 100 za IgY, kwa hiyo mayai 20 ni gramu 1 hadi 2. Monolithi ya mililita 1 hubeba kama miligramu 25 za protini. Utarudia mara 40 hadi 80! Monolithi ina njia pana za takriban mikromita 1, maji hupita moja kwa moja, ndiyo maana inang'ara kwa plasmidi (DNA ya duara ya bakteria) na virusi ambavyo haviingii kwenye matundu madogo ya chembe. IgY ina kilodaltoni 180 tu, inaingia kwenye tundu la nanomita 100 bila shida.

Dada_Tukuyu
Mimi nasimama na methakrilati. Chembe ni ngumu, hazisinyai chumvi ikipanda, na kostiki (sodiamu haidroksidi) ya kusafishia haizisumbui. Agarosi ni jeli, ukiibana imebanwa.

Kuna kolamu ya agarosi huku kwetu iliharibika hivi. Kazi ilipoisha jioni, ethanoli ya 20% ya kuhifadhia iliingizwa kwa kasi ileile ya bafa (maji yenye pH iliyotulizwa). Ethanoli ya kiwango hicho ina mnato karibu mara mbili ya maji, na baridi ya Julai huongeza mnato huo. Shinikizo likapanda, jeli ikashuka, juu ikabaki nafasi ya sm 2. Hakuna aliyeiona. Wiki iliyofuata protini zikawa zinachanganyika kwenye nafasi ile kabla ya kugusa resini: mlima mmoja kwenye grafu ukawa miwili, mpana. Watu wakalaumu bafa, wakatengeneza mpya mara tatu. Dawa ilikuwa kupakia kolamu upya. Ukiingia kwenye ethanoli, punguza kasi nusu, kisha uangalie kwa macho kichwa cha jeli.

Iringa_Kemia
Hilo ni kosa la kasi, dada yangu, agarosi haina hatia. Fast Flow nyuzi zake zimeunganishwa imara kuliko zile za zamani, na inabeba protini nyingi zaidi: albumini zaidi ya miligramu 100 kwa mililita, wakati 650M ni kama 30. Isigandishwe tu. Tena mwani tunao Zanzibar, siku moja tutatengeneza wenyewe.

Dada_Tukuyu
Mwani unaolimwa Zanzibar hutoa karagenani, jeli ya aina nyingine, kaka. Agarosi hutoka kwenye Gelidium na Gracilaria.

Iringa_Kemia
Sawa, nimekubali. Ila Uyole_Kinga, bafa yako unapima pH wapi? pH ya Tris, kemikali ya kutengenezea bafa, hushuka 0.028 kwa kila digrii ya joto inayopanda. Ukiiweka 8.0 kwenye nyuzi 25, asubuhi ya Mbeya kwenye nyuzi 12 ni karibu 8.4, IgY inashika zaidi na inadai chumvi zaidi kutoka. Pima kwenye joto la chumba utakachofanyia kazi. Na bafa ikitoka kwenye friji iache ipate joto la chumba kwanza, la sivyo hewa itatoka ndani ya kolamu.

Mafinga_Bio
Umeme ukikatika je? Mpira wa kutokea upandishe mdomo wake juu kuliko kichwa cha resini, kolamu haitakauka.

Lakini la msingi zaidi ni mafuta ya kiini. Punguza kiini kwa maji mara 10, shusha pH hadi 5.0–5.2 kwa asidi ya haidrokloriki, laza kwenye nyuzi 4 usiku kucha, zungusha kwenye sentrifuji, chuja kwa mikromita 0.45, ndipo upandishe pH. Mafuta yakiingia, methakrilati, agarosi, zote zitaziba.

Uyole_Kinga
Sentrifuji yetu inaishia g 4,000.

Dada_Tukuyu
Hapo maji hayatatoka maangavu. Jaribu PEG 6000 (polimeri inayoangusha protini) kwanza: 3.5% kuondoa mafuta, kisha 12% kuangusha IgY. Huenda kolamu ukaihitaji kumalizia tu, na mililita 50 za resini zikatosha.

Iringa_Kemia
PEG yenyewe utaitoaje baadaye? Na hizo IgY ni za kipimo au za kulisha ndama? Kama ni za kulisha, usafi wote huu wa nini?