Tupeane uzoefu: mgongo na kiuno vikikamata, nini kilikusaidia ukiwa nyumbani?

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu kuhusu huu mgongo, hasa kiuno, maana umenitesa na najua siko peke yangu.

Mimi ulinikamata asubuhi nimeinama kuokota soksi, sikuwa nimebeba gunia wala ndoo, soksi tu, nikasikia kitu kimebana kiunoni nikashindwa kunyooka, nikatembea nimeshika ukuta mpaka kitandani. Nikalala siku nne mfululizo nikijua ndo dawa, nainuka kwenda chooni tu, na kila nikiamka mgongo umekaza kuliko jana yake. Siku ya tano nikapelekwa hospitali. Daktari akapima nguvu za miguu, akagonga magoti na kile kinyundo, akauliza mkojo unatoka vizuri, akasema picha haina haja kwa sasa, nenda katembee. Nilikasirika sana wakuu, nilitaka picha, nikaona kama amenipuuza. Lakini nikaanza, dakika tano ndani ya nyumba, baadae kumi, nikichoka najilaza kidogo halafu natoka tena, wiki ilipoisha nikawa navaa viatu mwenyewe na kufika wiki ya nne maumivu yalikuwa yameisha kabisa.

Baadae ndo nikaelewa kwamba maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hivi yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, kinachoyachelewesha ni kujifungia kitandani maana misuli inapoteza nguvu na viungo vinakakamaa. Natamani mtu angeniambia siku ile ya kwanza. Haya karibuni, ila tuandike tuliyoyapitia wenyewe tafadhali.

Fundi cherehani
Pole sana mkuu. Mimi nina miaka 11 nashona na kiuno kilikuwa kinawaka moto kila jioni. Nikaja kugundua kiti kilikuwa kifupi, nakaa nimejikunja kama ndoano siku nzima shingo chini. Nikakiinua, nikakunja taulo nikaiweka pale kwenye upinde wa kiuno nyuma, na nikajiwekea sheria kwamba kila nusu saa nasimama hata kama nguo ya mteja haijaisha, natembea kidogo naweka mikono kiunoni najinyoosha kwenda nyuma taratibu. Hiyo ya kusimama ndo imenisaidia kuliko vyote, hata kuliko kiti. Mwili hautaki kukaa mkao mmoja masaa mengi, hata uwe mkao mzuri namna gani.

Msomaji wa siku nyingi
Kwangu shida ilikuwa usiku. Nikilala ubavu naweka mto katikati ya magoti, nikilala chali mto unaenda chini ya magoti, kiuno kinapumzika. Na kuamka usijikunje kuinuka mbele moja kwa moja, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, halafu jisukume na mkono. Maji ya moto kwenye chupa umeifunga taulo dakika 15 hadi 20 yananipa nafuu pia, msilale nayo tu inaunguza ngozi.

Dereva wa usiku
Naomba niseme kuhusu vidonge maana karibu vinitoe roho. Nilikuwa naendesha masafa marefu, mgongo ukiuma nameza diclofenac, na kesho tena, miezi mitatu bila kumuuliza mtu yeyote, mara nyingi sijala kitu. Siku moja nikatapika damu. Kumbe tumbo lilikuwa limeshachimbika vidonda, nikalazwa nikaongezewa damu. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zake zinasaidia kweli kwa siku chache, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au mjamzito asijimezee kiholela, aulize kwanza. Sasa hivi kila baada ya saa mbili nasimamisha gari nashuka natembea, na pochi nimeitoa mfuko wa nyuma, ilikuwa inanikalisha upande.

Dada mkubwa
Nimesoma yote nimeona niandike hili japo linaniuma. Mdogo wangu alikuwa na maumivu yanashuka kutoka kiunoni kupitia tako mpaka unyayoni, tukajua ni mshipa tu, tukawa tunamkanda. Jumamosi akasema anasikia ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale unapokalia baiskeli, na mkojo haumtoki vizuri. Tukamwambia avumilie mpaka Jumatatu. Mimi ndo nilimwambia avumilie. Jumatatu alipofika walimfanyia kipimo cha picha cha MRI, diski (ile kama mto laini kati ya pingili za uti wa mgongo) imetoka imegandamiza mishipa yote ya fahamu ya chini, akaingizwa upasuaji siku ileile. Anatembea, namshukuru Mungu, ila mkojo haujarudi kawaida mpaka leo. Jamani ukisikia ganzi ya hapo, au mkojo na choo vimegoma kutoka au vinatoka bila wewe kujua, au mguu unaishiwa nguvu, usikande usinywe dawa usisubiri kupambazuke, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Mpwa
Naongezea kwa dada hapo juu. Mjomba aliumwa mgongo wa katikati miezi mingi, homa za jioni, jasho usiku, anakonda, sisi tunampaka dawa ya kuchua. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Alitibiwa akapona ila mgongo ulibaki na kibyongo. Mgongo pamoja na homa au kukonda ni wa hospitali.

Mama mchanga
Mimi mwanangu ana miezi mitano, naumia nikimtoa kitandani na kumuogesha, nimekata tamaa. Mnafanyaje?

Fundi cherehani
Pole mama. Mke wangu alipita hapohapo. Beseni liinue liwe juu ya meza imara, usiogeshe umeinama chini, na mkono mmoja usimwachie mtoto. Ukimbeba kutoka chini weka goti moja sakafuni, mvute mpaka kifuani kwanza ndo unyanyuke kwa miguu, na ukitaka kugeuka geuza nyayo, usizungushe kiuno. Halafu alifundishwa zoezi la kulala chali magoti yamekunjwa, unabana makalio unainua nyonga juu, unahesabu mpaka tano unashusha taratibu. Alianza na mara tano kwa siku. Muulize mkunga wako kwanza kama ulijifungua kwa upasuaji.

Mama mchanga
Asante sana kaka, nilijifungua kawaida. Leo nimemuogeshea juu ya meza, mara ya kwanza nimemaliza bila kushika kiuno. Zoezi nimeweza mara tatu, kesho najaribu nne.