Mama mkubwa kaweka dole gumba kwenye mkopo asioweza kuusoma, nianzie wapi?

kijana_wa_soko: Habari za jioni wakuu. Mama mkubwa wangu ana miaka 44, anauza dagaa, kwa hela humpunji hata mia ila kusoma hajui kabisa, kwenye simu majina tumemsevia kwa picha, mimi mpira, dada ua. Mwezi uliopita kakopa laki tatu, wakamsomea harakaharaka akaweka dole gumba, juzi nasoma karatasi naona riba ni ya kila wiki, yeye anajua ni ya mwezi. Imeniuma sana. Nikimwambia ajifunze anasema "mwanangu watanicheka".

mzalendo77: Pole sana mkuu. Bibi yangu alisoma kisomo enzi za Mwalimu Nyerere, 1970 ulitangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakitoka shamba jioni wanakaa chini ya mwembe, hadi wazee wanashika chaki na hakuna aliyecheka maana ilikuwa kazi ya kijiji kizima. Baadaye ikaja ada shule za msingi, mpaka inafutwa 2001 kizazi cha mama yako mkubwa kilishapita, na hela ikiwa ya mtoto mmoja tu, aliyebaki nyumbani mara nyingi ni wa kike. Huyo hakukataa shule jamani.

ticha_wa_jioni: Nafundisha MUKEJA, yale madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Usimwanzishie a e i o u kama mtoto, ataona aibu na kesho haji. Anza na jina lake, halafu maneno yake mwenyewe, dagaa, ndoo, deni, riba. Namba tayari anazijua, hapo keshavuka nusu ya mto. Nenda kwa afisa elimu kata uulize darasa liko wapi, na uliza muda, la saa nane mchana mama wa sokoni haendi hata iweje.

Mama Wawili: Mimi nilianza na miaka 38. Kilichokuwa kinanitesa ni kadi ya kliniki, nesi anasema "si imeandikwa hapo" na foleni yote inakuangalia. Mwambie tupo wengi.

kijana_wa_soko: Asanteni mno. Leo nimemwandikia jina lake kwa chaki kwenye kifuniko cha ndoo, kaliiga mara tatu, la tatu linasomeka. Jumatatu naenda kwa afisa elimu, nikitoka huko tunaenda na ile karatasi kwa waliomkopesha, waisome upya mbele yangu.