Ulinganisho: FM, redio jamii, intaneti au flashi kwa anayesikiliza muziki kutwa nzima?

Mshona Kanzu (mtoa mada)
Ndugu wanajukwaa, nina kibanda cha ushonaji hapa Ngamiani, Tanga, na redio yangu huwaka tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Juzi nilichukua chaki ya kukatia nguo, nikawa nachora mstari ukutani kila kituo kimoja cha kibiashara kilipopiga wimbo fulani ambao mtaa mzima umeshaukariri, na hadi nafunga nilikuwa na mistari mitano. Nilipojaribu kituo cha pili niliukuta ndio kwanza unaanza. Wimbo wenyewe si mbaya, ila hakuna pilau inayolika mara tano kwa siku. Naomba tulinganishe: nibaki na FM za kibiashara, nihamie redio ya umma au redio jamii, ninunue bando, au nijaze nyimbo kwenye flashi?

Nyuma ya Mitambo
Mkuu, niliwahi kufanya kazi katika kituo cha FM. Mara nyingi mtangazaji unayemlaumu hachagui nyimbo, kwa kuwa hupangwa mapema na programu ya kompyuta, zikiwa zimegawanywa katika makundi kulingana na zinavyovuma. Tuseme nyimbo tano za kundi la juu zimepewa nafasi mbili kila saa: kila mmoja utarudi baada ya saa mbili na nusu, na katika saa zako kumi utausikia mara nne, hivyo mistari yako mitano hainishangazi hata kidogo. Mpangilio huo humlenga abiria wa daladala anayesikiliza kwa nusu saa kisha akashuka, kwani kituo huhofia kwamba asipoukuta wimbo anaoupenda atahamia kwingine. Wewe unayekaa nao kutwa nzima hukufikiriwa kabisa.

Mtindo wenyewe ni wa kale. Huhusishwa sana na Todd Storz wa kituo cha KOWH cha Omaha, Marekani, katika miaka ya 1950, na husimuliwa kwamba alivutiwa na watu wa baa waliokuwa wakitumbukiza sarafu katika mashine ya santuri ili waurudie wimbo ule ule. Bahasha za rushwa za kutaka wimbo upigwe nazo nimeziona kwa macho yangu, lakini hata zikikomeshwa leo, orodha itabaki fupi vile vile.

Mzee wa Santuri
Kabla ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi, tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilisafiri kwenda kurekodi katika studio yake. Hapo hapo Tanga kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kwa taarab Black Star na Lucky Star. Sasa hesabu kwa chaki yako ni mara ngapi umezisikia mwaka huu. Hata hivyo tusijidanganye, kwa sababu vipindi vya salamu navyo vilirudia nyimbo, tofauti ikiwa kwamba aliyeuomba wimbo alitajwa kwa jina. Mimi ningejaribu kwanza TBC Taifa, redio ya umma ya sasa.

Upepo wa Pangani
Redio jamii kama Pangani FM ni nzuri, lakini asiitafute mtu anayetaka muziki mtupu. Thamani yake ni mazungumzo ya wakazi wenyewe. Kwa mshonaji ningeipa saa mbili kwa siku, si kumi.

Bando Limekata
Mimi nimepiga hesabu ya intaneti. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takribani MB 58 kwa saa, yaani karibu MB 580 kwa siku yako, na kwa siku sita za kazi ni GB 3.5. Unapata uhuru mkubwa, hata vituo vya Kinshasa au Havana, lakini angalia pia kwamba programu za muziki hujifunza tabia yako, na baada ya wiki chache huanza kukurudishia ulichokwisha kusikia. Flashi ya GB 8 hubeba nyimbo 2,000 hivi za dakika nne nne kwa ubora huo huo. Hizo zinatosha siku 13 za kazi bila kurudia hata mmoja. Kasoro yake ni kwamba nyimbo za kujaziwa kibandani hazimpi msanii mrabaha, na flashi haikupi habari wala mpira.

Mshona Kanzu (mtoa mada)
Nawashukuru. Maelezo ya abiria wa daladala yamenipunguzia hasira, maana nilidhani nadharauliwa kumbe sikuhesabiwa tu. Tangu Jumatatu redio huwaka hadi saa sita mchana, kisha naiweka flashi kwenye sabufa, na bando nalitunza kwa taarab za zamani siku ya Ijumaa. Tatizo lililobaki ni kijana ninayemfundisha kazi, ambaye ikifika saa sita hununa, kwa kuwa wimbo ninaoukimbia ndio anaouimba anapopinda nguo, na tangu nibadilishe utaratibu mapindo ya mchana yamekuwa yakichelewa.